Sarafu ya Dubu na Feri ya Naxos

Mama uliyenizalia mume,

Nakuandikia kukupa habari ya sarafu yako. Najua ndilo jambo la kwanza ungeniuliza, kabla hata ya salamu: "Umeitoa?" Ndivyo ulivyokuwa. Mtu kashuka kwenye ndege, kachoka hoi, wewe kwenye simu huulizi kama kala wala kama kalala. Unauliza kama katoa. Basi tulia, nitakueleza. Ila nitaanza mwanzo, kwa sababu barua hii naiandika wazi na wataisoma watu wasiotujua, na nisipoeleza watadhani sisi wawili tulikuwa na wazimu.

Kwenu nyinyi Wahindi wa Kikhoja, mtu akisafiri hatoki mlangoni hivi hivi. Mkubwa wa nyumba huchukua sarafu akaivingirisha ndani ya ukanda wa kitambaa cha kijani, kisha akamfunga msafiri mkono wa kulia, juu ya kiwiko, huku akimwombea dua. Mnaita imamu zamini. Maana yake msafiri yumo katika dhamana. Akifika salama anafungua, na ile sarafu anampa mhitaji wa kwanza anayemwona. Anampa mkononi, wala hatii kwenye sanduku la sadaka. Mpaka itolewe, safari haijaisha. Hilo ulikuwa ukilisema kama askari wa barabarani anayesoma sheria.

Nyumbani kwetu Thornhill, kando ya Toronto, mkubwa ulikuwa wewe. Mume wangu Murtaza akienda Ottawa kwa kazi ya siku mbili, anafungwa. Wifi yangu Nargis akija kukutazama, harudi kwake Markham bila kufungwa, na Markham ni hapo tu. Binti yetu Sakina akienda kambi ya skuli, anafungwa na kuambiwa asifungue hata akioga. Na mie nimesimama pale pale mlangoni na sanduku langu, natafuta funguo nilizozishika mkononi. Tangu niolewe hukuwahi kunifunga hata mara moja. Sikukudai, wala sikumwambia Murtaza. Lakini iliniuma, nisikudanganye. Iliniuma kila safari.

Sababu naijua, na wewe ulijua kwamba naijua. Mie mtoto wa Ng'ambo, wewe binti wa Mji Mkongwe. Wazee wetu walitenganishwa na barabara moja tu pale Unguja, ikabidi sisi tuje kukutania kwenye theluji. Murtaza alipokuambia anataka kumuoa Mswahili, ulikubali kwa mdomo, harusi ikafanywa na pilau likaliwa. Ila mkono wako ulibaki nyuma.

La kuchekesha ni kwamba katika nyumba ile Kiswahili tulikuwa nacho sisi wawili tu. Murtaza alihama Dar akiwa mdogo, Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Nargis anakitia kidogo kidogo kama chumvi. Sakina anaelewa kila neno na anajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo ukitaka kumsengenya mtu, ilibidi unitafute mie. Tulikuwa tunakaa jikoni wewe unachambua uwatu, mie nakatakata vitunguu, tunawachambua watu wote wa msikitini mmoja mmoja, tunacheka mpaka machozi. Kisha inafika siku ya safari, unamfunga kila mtu unaniruka mie. Nani angeweza kutuelewa?

Sasa ile safari ya Ugiriki. Murtaza alitaka kukufurahisha. Akapanga wiki nzima kisiwa cha Naxos, sisi watatu, wewe, yeye na mie, tena akakata tiketi za feri kutoka bara, bandari ya Piraeus, kwa sababu alisikia ndiyo raha yenyewe: unakaa juu ya meli na kinywaji chako, visiwa vinapita. Ndege ilikuwepo. Hakukuuliza, na wewe kumkatalia mwanao hukujua. Mie nilikuona siku uliyoambiwa. Ulisema "Alhamdulillahi" kisha ukaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Tukafika uwanja wa ndege wa Pearson, pasi ya Murtaza ikakataliwa. Muda wake ulikuwa unakaribia kwisha, na mwenyewe hakuwa ameitazama. Mtu mzima, mhasibu! "Nendeni, nitawafuata," akasema, na hakufuata. Ulikuwa umemfunga yeye asubuhi nyumbani. Ukamwambia pale pale kaunta, sauti juu: "Itoe leo hii, hujafika popote lakini itoe!" Wewe mwenyewe hukuwa umefungwa. Ndege hukuijali; dhamana uliitaka ya baharini. Kitambaa chako na sarafu uliviweka kwenye mkoba ili Murtaza akufunge bandarini. Na Murtaza sasa amebaki Toronto.

Tukaingia ndani ya ndege mavyaa na mkazamwana, peke yetu, kwa mara ya kwanza bila mtu wa katikati. Ulivaa zile headphone, hukuwasha kitu, ukazivaa mpaka Athens.

Piraeus sijui kama unaikumbuka kama ninavyoikumbuka mie. Joto, moshi, askari wa bandari wanapuliza filimbi kama wamelipwa kwa pumzi. Feri yenyewe ilikuwa sawa na mojawapo ya yale magorofa ya barabara yetu ya Bathurst lililolazwa juu ya maji. Nyuma imeachama, inameza malori ya matikiti, pikipiki, magari yenye mahema juu, na sisi kwa miguu tukiburura masanduku katikati yao. Ndani ukakuta ngazi ya umeme. "Makubwa haya! Ngazi ya umeme ndani ya chombo!" ukasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lako la kwanza kwangu tangu Pearson. Kulikuwa na rafu za mizigo, kila kisiwa na rafu yake. Watu wanaacha masanduku yao na kupanda juu bila wasiwasi. Wewe hata hukufikiria. Ulilipandisha lako ukalikalia.

Tukapata meza karibu na duka la kahawa. Ukafungua chapati zako za uwatu na achari ya embe. Jirani zetu, kijana na mkewe waliovaa kofia za majani zinazofanana, wakageuza pua. Nilidhani wamechukizwa. Kumbe wanataka. Ukawapa, ukawatazama wanavyokula kwa kutia achari nyingi mno, ukaniambia kwa Kiswahili, "Waache. Usiku watanikumbuka." Nikacheka peke yangu.

Saa ya kwanza maji yalitulia. Baadaye meli ikaiacha bara nyuma, upepo ukaingia ubavuni. Kule wakati wa kiangazi upepo huo ni kawaida, wenyeji wanalala usingizi. Vikombe vikaanza kutembea juu ya meza. Nikakuona unatoa kile kitambaa cha kijani na sarafu ya dola mbili, ile yenye dubu.

Nilijua unachotaka kufanya, na nilijua hakiwezekani. Hakuna binadamu anayeweza kujifunga fundo kwenye mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ulijaribu. Ulijaribu kwa vidole, kisha ukashika ncha moja kwa meno. Mie nikajifanya natazama visiwa. Wallahi sitasahau, mama mzima na meno yake ya kubandika anapigana na kitambaa, na mimi nimeketi karibu na goti lake. Ungesema neno moja tu. Na mimi ningesema neno moja tu.

Sarafu ikaponyoka, ikabiringika chini ya viti, ikapita miguuni mwa wale wa kofia. Nikaingia chini ya meza kwa magoti, nikaikamata karibu na pipa la taka. Nikarudi, nikaifuta kwa nguo yangu, sikukupa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Mama."

"Methali hiyo niliijua kabla hujazaliwa."

"Basi lete mkono."

Hukuleta. Ukasema, "Wewe si..." ukanyamaza.

"Mie si nini?" Nakiri sauti ilinipanda. Nilikuwa nimebeba neno hilo tangu niolewe. "Malizia, Mama. Mie si nini?"

Ukatazama dirishani. "Si mkubwa wangu," ukasema.

Tulijua sote kwamba sivyo ulivyotaka kusema. Hapo hapo meli ikanyanyuka mbele, ikakaa kidogo, ikashuka. Dukani chupa zikaanguka, mtoto mmoja akapiga kelele za furaha. Wewe ulifumba macho, ukanyoosha mkono wa kulia, mkono wa baibui umeupandisha mpaka begani.

"Funga."

"Sijui dua yake."

"Sema bismillahi na ufunge. Mungu anajua Kiswahili."

Nikasema bismillahi, nikafunga. Ngozi ya mkono wako ilikuwa laini na baridi, sikuwahi kuigusa pale. "Kaza," ukasema. "Mbuzi huyu haendi popote, lakini kaza." Nikakaza. Nilipomaliza nikataka kuondoa mkono wangu, ukaushika. Tukakaa hivyo mpaka upepo ulipopungua, na mkono wangu ukafa ganzi sikuuondoa.

Hapo ndipo ulipoeleza, macho bado umefumba. Ulisema umepanda meli mara moja tu maishani. Baada ya Mapinduzi, ukiwa msichana, mama yako alikufunga haraka haraka, mkaondoka Unguja na vifurushi, hamkuaga mtu. Mlipofika Dar kila mtu alikuwa analia, mnatafuta pa kulala, sarafu yako ikapotea hata haikutolewa. "Safari ile," ukasema, "mimi sijafika mpaka leo."

Ukaendelea, tena bila kupamba: "Nikikutazama wewe nilikuwa naona waliobaki kwenye nyumba zetu."

"Mie sikuwa nimezaliwa, Mama."

"Najua. Akili inajua. Moyo ndio mshenzi."

Nikakuambia na sisi wa Ng'ambo hatukugawiwa nyumba ya mtu, kwetu kulikuwa na vyumba viwili na bati lililovuja, na bibi yangu aliwalilia jirani zake Wahindi mpaka akaugua. Ukafungua macho. "Alikuwa akiishi wapi?" Nikakutajia. Ukaniuliza kama bibi alimjua fulani, mama muuza mikate ya ufuta. Nikakwambia huyo ni shangazi yake baba. "Muongo!" ukasema. "Yule alikuwa mwizi wa ufuta!" Na mie nikasema kweli, alikuwa mwizi wa ufuta, ukoo mzima unajua. Tulicheka mpaka yule kijana wa kofia akacheka na sisi, bila kujua anacheka nini.

Sasa nakuja kwenye jambo uliloniapisha nisilitaje. Nisamehe. Lazima lisemwe ndipo habari ya sarafu ieleweke.

Tulifika Naxos jua la alasiri. Wote tukaambiwa tushuke chini kwenye magari, tumebanana kwenye moshi, mlango wa nyuma ukaanza kuteremka meli ingali inarudi kinyumenyume. Tukatoka kama maji ya ndoo. Mbele yetu gatini watu wamependeza, nguo nyeupe, miwani ya jua, watoto na maboya yao. Na kando, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, ameketi mzee. Shati limefifia na halina vifungo viwili. Kandambili imefungwa kwa waya. Kofia ameigeuza juu chini mapajani, na macho yanamtazama kila anayeshuka.

Hukusita. Ulifungua mkono wako hapo hapo, ukamwendea wima, ukamtia sarafu kiganjani pamoja na kitambaa chake, ukamfunga vidole kwa mikono yako miwili. "Pokea," ukamwambia kwa Kiswahili. Nilikuonea fahari.

Mzee akafungua kiganja. Akamtazama yule dubu. Akatutazama sisi, wewe na baibui lako, mie na mtandio wangu. "Canada!" akapiga kelele. "Toronto! Danforth!" Akainuka, na chini yake, alipokuwa amekalia, akatoa kibao cha kadibodi kilichoandikwa jina la Murtaza.

Ndiye mwenye nyumba tuliyokodi. Alikuja kutupokea. Kumbe aliwahi kuosha vyombo kwenye mkahawa wa Danforth, mtaa wa Wagiriki kule Toronto, miaka chungu nzima, akarudi kwao akajenga, sasa ana vyumba vya wageni ghorofa mbili na gari zuri kuliko letu. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mwambie arudishe," ukaninong'oneza.

"Sadaka hairudishwi, Mama. Si wewe uliyetufundisha?"

Uso uliougeuza siku ile! Tulipofika chumbani ukafunga mlango kwa ufunguo. "Ukimwambia Murtaza, radhi zangu huna. Wala Nargis. Wala mtu yeyote." Kisha ukakaa kitandani. "Haikusihi hii, haihesabiki. Tumefika lakini hatujafika."

Wiki nzima tulitafuta masikini wa kweli kwenye kisiwa cha matajiri. Tulipanda vichochoro, tukashuka vichochoro. Ukamshuku mtu mwenye viatu vilivyotoboka, kumbe ni mchoraji kutoka Ujerumani. Mwisho ukampa sarafu nyingine yule mama aliyekuwa akisafisha vyumba. Kesho yake tukaikuta kwenye mto, ameiweka vizuri, amedhani tumeisahau. Ukaona huo sasa ni mtihani kutoka kwa Mola. Ukaiweka tena mkononi mwake, ukamshika vidole mpaka akaelewa.

Mzee wa kreti naye alikuwa anakuja jioni barazani kwetu, ati kuuliza kama maji ya moto yapo. Alikuwa anafuata chapati. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wamebaki Toronto na hawaji, ndiyo maana kila feri inapoingia yeye yupo gatini, awe ana wageni au hana. Mlikuwa mkizungumza Kiingereza chenu kile cha kuokoteza, mnailaani theluji ya Toronto kwa zamu. Siku moja ukamuuliza: "Uliporudi, kisiwa kilikujua?" Akafikiri. "Kisiwa, ndiyo," akasema. "Watu, hapana." Ukamwongeza achari.

Siku ya kuondoka alitupeleka bandarini na mfuko wa viazi, kama kwamba Canada hakuna viazi. Nikaona kitambaa chako cha kijani amekifunga kwenye funguo zake. Ulikiona na wewe. Ukampungia mkono mpaka alipokuwa mdogo.

Kwenye feri ya kurudi nilikufunga mie bila kuambiwa. Ulipokwishafungwa ukakaa, ukanitazama.

"Na wewe nani anakufunga?"

"Hakuna, Mama."

"Mama yako alikuwa akifanyaje ukisafiri?"

Nikakuambia. Kwetu hakuna kitambaa. Mama yangu alikuwa ananisomea Ayatul Kursiyu, kisha ananipulizia utosini. Ukasema, "Inamisha kichwa." Nikainamisha, katikati ya watu, na wewe ukasoma yote taratibu mpaka mwisho, ukanipulizia utosini kupitia mtandio. Pumzi ilinuka achari. Kitambaa ulikuwa nacho cha akiba kwenye mkoba, nilikiona. Lakini ulichagua kunifanyia kama alivyokuwa akinifanyia mama yangu, na mie nililia pale sikujali nani anatazama.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu mlangoni. Wote unawafunga, mie nainamisha kichwa. Murtaza alishangaa, akaniuliza umeanza lini kunisomea, kwani naumwa? Nikamwambia aulize mambo ya pasi yake.

Kisha ikaja baridi hii iliyopita. Nisirefushe. Siku ulipopelekwa hospitali theluji ilikuwa imeziba njia ya gari, Murtaza anaikwangua huku analia akidhani hatumwoni. Nargis alishika kitambaa tayari, yeye ndiye binti yako wa kukuzaa. Ukasogeza mkono. "Mwacheni mama Sakina," ukasema. Nikafunga, nikasema bismillahi. Ukasema, "Kaza." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwako, maana ulipofika kule ulilala na hukuamka tena.

Muuguzi alinipa vitu vyako ndani ya mfuko wa nailoni: miwani, tasbihi, na kitambaa cha kijani kimefungwa na sarafu yake ndani.

Hapo ndipo nilipokwama. Nargis akasema itiwe kwenye sanduku la sadaka msikitini, yaishe. Murtaza akasema tuiweke iwe kumbukumbu. Mie nikawaambia sheria yake naijua kuliko wao: hutolewa msafiri akishafika. Wakanitazama. Sikuweza kuwaeleza zaidi. Kila ulikokwenda ulikuwa unapiga simu, "Nimefika." Safari hii nani anipigie? Kuitoa bila kujua kama umefika, siwezi. Kuizuia, ni kukufanyia yale yale ya Dar. Nikaificha ndani ya kopo la uwatu. Kila nikipika, nikichota uwatu, kidole kinagusa kitambaa. Siku moja nililia mbele ya rafu ya viungo dukani, mpaka mfanyakazi akanipa kiti. Nilikuwa na hasira na wewe pia, nikuambie kweli. Umenikubali mwishoni kabisa, kisha unaniachia kazi kama hii.

Sakina amemaliza chuo mwaka huu. Yeye na wenzake wakapanga kwenda Ugiriki, Athens kisha visiwa. Nikamuuliza visiwa gani, akataja viwili, cha kwanza Naxos. Kwa feri. Niliendelea kukunja nguo.

Siku ya kuondoka amesimama mlangoni na begi lake la mgongoni, gari linamngoja. Nikamkumbatia, nikamwambia nenda salama. Haendi. Anasimama tu, anasubiri. Kisha akapandisha mkono wa fulana, ule wa kulia, akaniletea.

"Mama, hunifungi?" akauliza, kwa Kiingereza chake.

Nilikuwa na sarafu nyingine kwenye mkoba. Zimejaa tele. Lakini miguu ilinipeleka jikoni, nikafungua kopo la uwatu. Nilisimama hapo kidogo nikiwa nimeishika, nikawaza: huyu anapita maji yale yale, ana damu ya wote wawili, wako na wangu. Akifika yeye, basi nitahesabu kwamba mmefika. Kama nakosea, Mola ananijua.

Nikamfunga. Nikasema bismillahi, nikakaza. Kisha nikamwinamisha kichwa nikamsomea na kumpulizia utosini, akalalamika nimemharibia nywele. Nikamwambia, ukishuka tu, mhitaji wa kwanza, mkononi. "Ninajua, Mama," akasema, "Bibi kanifundisha." Ile habari ya mzee wa kreti sikumwambia. Niliapa, na bado nilikuwa nakuogopa.

Jana asubuhi niko ndani ya basi la Bathurst, simu ikalia. Ujumbe wa Sakina. Neno moja, la Kiswahili, yule ambaye hajawahi kuniandikia Kiswahili maisha yake: "Nimefika."

Kisha picha. Gati, jua, watu wa nguo nyeupe. Na juu ya kreti lililopinduliwa ameketi mzee, amekonda sasa, kofia juu chini mapajani. Pembeni yake funguo, na kwenye funguo kitambaa kimepauka, lakini bado unaona kilikuwa kijani.

Mama, nilicheka ndani ya basi mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Mjukuu wako! Kisiwa kizima, naye kaenda moja kwa moja kwa tajiri yule yule!

Lakini ujumbe ulikuwa unaendelea. Sakina aliandika kwamba yule mzee maskini alifungua kiganja chake, akaitazama sarafu, akacheka sana. Halafu akamuuliza, "Na bibi mwenye achari, hajambo?" Sakina hakuelewa kamjuaje. Akamwambia ukweli, kwamba Bibi alifariki wakati wa baridi. Mzee akaacha kucheka. Akaifunga sarafu ndani ya kiganja, akaketi tena kwenye kreti, akalia, mtu mzima, mbele ya feri nzima.

"Mama," aliandika, "nadhani nimekosea. Huyu si masikini. Ana nyumba. Nimempa mtu asiye sahihi?"

Nikamjibu hapo hapo, nimesimama, nimekwishapita kituo changu. Nikamwandikia: hujakosea. Mara ya kwanza ndiyo tulikosea. Safari hii umempata mhitaji.

Basi hiyo ndiyo habari, Mama. Imetolewa, tena mkononi. Umefika.

Wako uliyemwachia ufunguo wa jikoni,

Mkazamwana wako, mama Sakina